Namba Kumi na Tano Isiyokuwepo

Ijumaa, 2 Agosti 1996

Baridi kali. Ziwa Wendouree limejaa ukungu, bomba la bafuni limeganda, na mimi ninacheka peke yangu jikoni. Nimepata wazo!

Kwanza tatizo. Clarrie Voss amebakiza santuri moja. Moja tu! Fundi bomba mstaafu huyu ameingia chini ya sakafu ya kila nyumba hapa Ballarat, na kila alikoingia katoka na santuri kwapani. Sasa anazo zote za lebo ya Currawong isipokuwa namba tisa.

Currawong, jina la ndege mweusi wa huku, ilikuwa lebo ya santuri ya msusi mmoja, marehemu Aubrey Kitto. Alirekodi bendi za mjini kwenye chumba cha nyuma ya saluni yake, 1965 hadi 1968. Santuri ndogo za nyimbo mbili mbili, nakala mia kila moja, halafu basi. Namba zinafika ishirini na mbili, lakini kumi na tano aliiruka. Kwa nini? Kaenda na siri yake kaburini.

Mimi ninazo zote ishirini na moja. Mimi peke yangu duniani! Na namba tisa, anayoililia Clarrie, ni sauti ya mke wangu. Coral na dada zake wawili, mwaka 1966, yeye akiwa na miaka kumi na minane. Mjomba wao aliacha boksi la santuri dirishani mwa gari mwezi wa Januari. Jua la Januari! Zikajikunja kama majani ya kabichi. Mama mkwe akazigeuza vyungu vya maua. Iliyopona ni moja. Iko kwangu.

Jana kwenye mkutano wa klabu yetu ya wakusanya santuri Clarrie alitangaza kwamba siku moja namba tisa nyingine itajitokeza kwa mjane fulani, na hapo yeye na mimi tutakuwa sawa. Sawa! Alisema hayo akitafuna keki niliyoleta mimi. Kisha akashinda bahati nasibu ya sinia la nyama. Mara ya tatu mfululizo.

Wazo ni hili. Mimi ndiye mhariri wa jarida la klabu. Orodha ya Currawong ninaipiga chapa mimi. Kwa hiyo leo nimelijaza pengo. Namba kumi na tano: bendi ya Frozen Swans, Mabata Maji Walioganda. Wimbo: "Usiniache Kituo cha Wendouree". Mpiga ngoma alikuwa na mguu mbovu. Ilirekodiwa Jumamosi alasiri, tarehe 24 Septemba 1966. Nimeitafuta tarehe kwenye kalenda ya zamani ili iwe Jumamosi ya kweli. Uongo bila tarehe ni uvivu.

Ni kweli, sasa hata mimi nimepungukiwa moja. Lakini Clarrie amepungukiwa mbili! Na atalimaliza gari lake akiitafuta.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeyatuma majarida yote thelathini na nne. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Trevor akanijibu kwa makelele. Trevor ni kasuku wetu mdogo wa kijani. Tuko naye miaka minne, hajatamka neno hata moja, lakini kupiga kelele anajua.

Coral akanikalisha chini. Alisema Jumamosi ya wiki mbili zijazo, tarehe kumi na saba, ndiyo sherehe yetu ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, kwenye ukumbi wa maskauti. Dada zake wanakuja, mmoja kutoka Perth, mwingine kutoka Hobart. Hataki pete, hataki maua. Anataka kitu kimoja: wakae watatu pamoja waisikilize namba tisa. Tangu 1966 hawajawahi kuisikiliza wakiwa pamoja. Dada mkubwa ana moyo mbovu, akasema Coral, nani ajuaye kama kutakuwa na siku nyingine.

Nikamwambia mke wangu, hilo tu? Hilo ni dogo. Santuri iko kwenye kabati, siyo mwezini.

Akanitazama. Akasema, "Merv, usifanye ujanja wowote."

Ujanja gani? Wanawake bwana.

Jumatano, 7 Agosti

Gari la Clarrie limeonekana likielekea Ararat! Jana lilionekana Maryborough! Nimeweka ramani ya jimbo letu la Victoria ukutani na kuchoma pini. Coral kauliza ni za nini. Nimesema utabiri wa hali ya hewa.

Furaha hii haina kipimo. Nimekula pai mbili za nyama mchana.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepitia duka la mitumba la Noelene, kama kila Ijumaa. Noelene hupokea masanduku ya vitu vya marehemu kabla ya mtu yeyote, kwa hiyo nampelekea biskuti. Leo kanishika mkono. Ameisoma orodha yangu. Alisema machozi yamemtoka. Frozen Swans! Alicheza dansi nao kwenye ukumbi wa mafundi pale Sturt Street! Mwimbaji alivaa shati la zambarau!

Nikamuuliza taratibu kama ana hakika. Akaniuliza kama namwita mwongo. Akaendelea kusema kwamba mpiga ngoma alikuwa akichechemea, maskini, lakini alikuwa na macho mazuri.

Nimecheka hadi kwenye gari. Halafu nikaacha kucheka. Shati la zambarau? Mimi sikuandika shati.

Jumapili, 11 Agosti

Simu kutoka Ararat. Mfugaji wa kondoo, Bwana Pascoe, msomaji wetu wa siku nyingi. Alisema binamu yake marehemu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Mguu ulivunjwa na farasi. Akanieleza jina la farasi!

Nimekaa kwenye kiti tangu saa nne asubuhi nikifikiri. Nilihamia Ballarat mwaka 1970 kutoka Sydney. Miaka ishirini na sita, na bado wananiita yule wa Sydney. Mambo ya 1966 sikuyaona. Je, yawezekana niliwahi kulisikia jina hili mahali fulani? Baa? Saluni? Likalala kichwani, nami nikadhani nimelibuni? Akili ya mkusanyaji ni kabati kubwa. Huweka vitu bila kumwambia mwenyewe.

Watu wawili wasiojuana. Mguu mmoja. Farasi mwenye jina.

Jumatatu, 12 Agosti

Ipo. Nina hakika ipo. Aubrey Kitto hakuwa mtu wa kuruka namba, alikuwa msusi, watu makini sana.

Kwa hiyo kuna santuri ya Currawong ambayo sina! Na Clarrie ana siku sita mbele yangu! Mpumbavu gani aliyemwambia aitafute?

Nimekwenda Maryborough na kurudi. Maduka manne ya mitumba. Nimerudi na vumbi na chungu cha maua.

Jumanne, 13 Agosti

Clarrie kapiga simu. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayeuza bima. Anayo!

Nimekaa sakafuni. Alisema aliipata chini ya nyumba moja alikokwenda kukagua bomba kwa hisani tu. Lebo ya Currawong, namba kumi na tano, herufi zinasomeka. Imekwaruzika kidogo. Haiuzi. Ila kwa kuwa mimi ni rafiki yake wa siku nyingi, atakubali kubadilishana. Namba tisa kwa namba kumi na tano.

Nikamwambia hapana, kwanza kabisa. Namba tisa ni ya mke wangu. Alisema anaelewa, shemeji ni mtu wa heshima, basi atampigia mkusanyaji mmoja wa Adelaide.

Adelaide! Namba kumi na tano itoke Victoria!

Sikula chakula cha jioni. Coral kauliza kama ninaumwa. Nimesema tumbo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepata wazo! Coral anataka nini hasa? Kusikia. Hakusema anataka plastiki, alisema anataka kusikiliza. Basi nimeirekodi namba tisa kwenye kanda. Nimetegesha kipaza sauti mbele ya gramafoni hapa jikoni, nikabonyeza, nikatoka nje nisije nikapiga chafya. Jumamosi nitaweka kanda nyuma ya pazia, jalada tupu mezani, na hakuna atakayejua.

Nilisimama mwisho wa bustani, mlango nimeufunga, nikiisikia kichwani tu. Wasichana watatu, gitaa moja, na sauti ya Coral juu kabisa, haina woga wowote. Niliona haya kidogo. Kisha nikakumbuka Adelaide.

Alhamisi, 15 Agosti

Tumekutana kwenye maegesho kando ya ziwa, saa tisa alasiri, upepo unakata masikio. Clarrie kavaa glavu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia asinipotezee muda. Akaniuliza tena, kama shemeji anajua. Nikasema shemeji ana mambo mengi.

Akatikisa kichwa, akanipa. Nikampa.

Namba kumi na tano! Imo mkononi mwangu! Lebo ya bluu, ndege mweusi, FROZEN SWANS kwa herufi za mashine. Nimeendesha hadi nyumbani nikiimba wimbo nisioujua.

Nimeiweka kwenye gramafoni. Mikwaruzo. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu sana: "Habari ya asubuhi, mrembo." Kimya. "Habari ya asubuhi, mrembo." Kimya. Mwanzo wa kijasiri ulioje! Mwaka 1966! Miaka mingi mbele ya wenzao! Nikangoja magitaa. "Habari ya asubuhi, mrembo." Mara arobaini nilihesabu. Hakuna gitaa. Nikageuza upande wa pili. Miluzi. Miluzi mitupu, dakika tatu.

Nadhani ni bendi ya majaribio. Noelene hakuyasema haya, lakini huenda alikuwa anaangalia macho ya mpiga ngoma.

Nimeipiga mara sita.

Ijumaa, 16 Agosti

Saa moja asubuhi. Naingia jikoni. Trevor ananitazama kutoka kwenye kizimba chake na kusema, wazi kabisa, "Habari ya asubuhi, mrembo."

Miaka minne!

Nikaenda kwenye gramafoni. Nikaishika lebo kwa kucha. Kona ikanyanyuka. Chini yake, lebo nyingine, ya kahawia, yenye picha: MFUNZE KASUKU WAKO KUSEMA. SOMO LA KWANZA.

Nimekaa sakafuni tena. Nimeanza kuizoea sakafu hii.

Sawa. Utulivu. Kanda ipo. Nikaweka kanda. Gitaa linaanza, Coral anavuta pumzi aimbe, na hapo Trevor anapiga kelele. Anapiga kelele hadi mwisho. Dakika mbili na nusu za Trevor, na kwa mbali, kama watu wanaozama kisimani, mke wangu na dada zake.

Nimekimbilia kwa Clarrie. Nyumba imefungwa. Jirani kasema kaenda Horsham, hajui atarudi lini. Nimepiga magoti kwenye ngazi yake na kumwandikia barua ya kuomba msamaha. Nimemwahidi namba zote ishirini zilizobaki. Zote! Nimeisukuma chini ya mlango. Haikuwa ujanja. Nilikuwa nalia.

Kurudi nyumbani nimewakuta dada wawili wa Coral wamefika, wanakunywa chai jikoni. Yule mkubwa kanishika shavu. Alisema hajalala kwenye ndege kwa kufikiria kesho.

Trevor akasema, "Habari ya asubuhi, mrembo." Wote watatu wakapiga makofi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Soseji, keki, birika kubwa la chai, watu sabini. Gramafoni mezani, na kando yake jalada la namba tisa. Tupu. Nimelilinda kwa masaa mawili kama mlinzi wa benki.

Mpango: hakuna umeme, hakuna santuri, hakuna lawama. Saa nane na dakika hamsini nikaenda nyuma ya jukwaa, nikafungua kisanduku cha umeme, nikachomoa fyuzi, nikaitia mfukoni. Taa zikazimika. Birika likanyamaza. Nikarudi nikiwa na sura ya huzuni. Nikatangaza kwamba ole wetu, umeme wa Ballarat ndio huo, santuri tutaisikiliza siku nyingine.

Dada mkubwa akakaa chini. Coral hakunitazama mimi. Alimtazama dada yake. Hapo ndipo nilipotamani sakafu ya ukumbi inimeze. Nasema kweli, nilijiona mtu wa ovyo kabisa.

Ndipo sauti mlangoni ikauliza, "Nani kazima chai?"

Clarrie! Suti, tai, glavu. Akaniambia mbele ya watu sabini kwamba bomba la ukumbi huu alilitengeneza yeye, na kisanduku cha fyuzi anakijua kama mfuko wake. Akaenda, akarudi. Akasema fyuzi haijaungua, fyuzi haipo, na zamani fyuzi hazikuwa na miguu. Akanitazama suruali. Nikaitoa.

Taa zikawaka. Birika likaanza kuimba. Clarrie akafungua koti, akatoa namba tisa, akampa Coral kwa mikono miwili. Alisema, "Shemeji, hii ni mali yako. Ilikuja kwangu kutembea tu."

Coral alikuwa anajua! Tangu Alhamisi jioni! Clarrie alimpigia simu kabla hata sijafika nyumbani. Jikoni alinipa chai na kunitazama nikihangaika siku mbili nzima, hakusema kitu. Barua yangu ya msamaha, aliyopelekewa na Clarrie, ilikuwa ndani ya mkoba wake.

Kisha akaiweka santuri mwenyewe. Dada watatu wakasimama wameshikana mikono. Sauti ile, ya juu, isiyo na woga. Wakaanza kuimba pamoja na wao wenyewe wa zamani, sauti zao nzito zikipanda juu ya zile nyepesi, na katika kiitikio dada mkubwa akafunga macho na kucheka. Watu wakalia. Noelene akalia. Mimi nikalia kuliko wote. Waliipiga mara nne.

Baadaye nikamvuta Clarrie pembeni. Nikamuuliza alijuaje. Mbona Noelene alikumbuka shati? Mbona yule wa Ararat alikumbuka farasi?

Akacheka mpaka tai ikapinda. Akaniuliza, "Wewe wa Sydney, unajua tarehe 24 Septemba 1966 alasiri ilikuwa nini?" Nikasema ilikuwa Jumamosi. Akawaita watu. Akawauliza wote ilikuwa nini. Wanaume, wanawake, mpaka kasisi, wakajibu kwa sauti moja: fainali kuu ya mpira wa Kiaustralia! St Kilda na Collingwood! Pointi moja! St Kilda walichukua kombe kwa pointi moja, na mpaka leo hawajachukua jingine. Alasiri ile Victoria nzima ilikuwa imeganda mbele ya redio. Wezi walipumzika. Wagonjwa waliahirisha kufa. Na Aubrey Kitto alikuwa shabiki wa St Kilda hadi soksi. Eti arekodi bendi!

Clarrie aliposoma tarehe tu, alijua. Siku zote zile za Ararat na Maryborough alikuwa anatafuta santuri ya kasuku. Na shati, na farasi? Akasema watu hukumbuka chochote kilichopigwa chapa.

Coral amenisamehe, kwa masharti. Namba tisa sasa inakaa kwenye mkoba wake. Nikitaka kuisikia, niombe kwa adabu. Nimekubali masharti yote. Nimeapa kwa mkono juu ya kizimba cha Trevor kwamba ujanja basi, maisha yangu yote. Mchimba kisima nimeingia mwenyewe, na maji nimeyanywa.

Jumapili, 18 Agosti

Siku ya toba. Nimeosha vyombo. Nimekwangua barafu kwenye gari la Coral. Nimeandika sahihisho la jarida: namba kumi na tano haikuwahi kuwepo, mhariri anaomba radhi.

Nikaiweka santuri ya kasuku kwenye rafu, baina ya kumi na nne na kumi na sita, ili inikumbushe upumbavu wangu.

Inaenea vizuri sana pale.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefikiri. Santuri ya Frozen Swans yenye lebo ya Currawong namba kumi na tano: zipo ngapi duniani? Moja! Ya nani? Yangu! Hata Clarrie hana! Hakuna santuri adimu kuliko hii katika Australia nzima, na aliyeitengeneza amenipa mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya ziwa! Ujinga ulioje!

Sahihisho nimelichana.

Saa nne, simu. Bwana Pascoe wa Ararat. Alisema kwa furaha kubwa kwamba amepekua banda la kunyolea kondoo, kwenye vitu vya binamu yake marehemu, na ameikuta. Frozen Swans. Nakala ya pili. Njoo haraka, akasema, kuna fundi bomba mmoja alikuwa anauliza uliza huku.

Nimekaa sakafuni dakika tano. Najua haipo. Niliibuni mwenyewe, kwenye meza hii, nikiwa na kikombe cha chai. Nilichagua hata mguu. Hakuna bendi, hakuna wimbo, hakuna binamu.

Coral yuko stesheni, anawasindikiza dada zake. Nimemwachia ujumbe kwamba nimeenda kununua chakula cha Trevor. Gari limejaa mafuta, ramani iko kwenye kiti, pini nimechukua.

Yule bwana amesema yake ina jalada.